Kuandika Kiswahili sanifu ukiwa mtu wa Goma

"Batoto beko ku masomo." Kila mtu wa Goma anaielewa sentensi hii. Mhariri wa Dar es Salaam angeiandika hivi: "Watoto wako shuleni." Ba- imekuwa wa-, beko imekuwa wako, mahali panaonyeshwa kwa kiishio -ni badala ya ku, na neno masomo limeondoka kabisa, kwa sababu kule masomo ni yale yanayofundishwa, siyo nyumba yanamofundishwa. Katika sentensi ya maneno manne hakuna hata moja lililobaki kama lilivyokuwa.

Makala hii inaeleza namna mwanafunzi wa hapa anavyoweza kujifunza kuandika Kiswahili sanifu. Hoja yangu ni kwamba tutaendelea haraka zaidi tukikichukua kama lugha ya kigeni iliyo karibu, kuliko tukikichukua kama lugha yetu tunayoiharibu.

Wengi wetu tunafika chuo kikuu tukiwa tumezungumza Kiswahili tangu utotoni, lakini hatujawahi kuandika kwa Kiswahili hata kurasa mbili mfululizo. Katiba ya 18 Februari 2006 inataja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Lugha rasmi ni Kifaransa, na ndicho tunachoandikia mitihani, TFC na barua za kuomba kazi. Tangu 8 Aprili 2022, nchi yetu ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, msomaji wa tunayoyaandika anaweza kuwa Arusha, Nairobi au Kampala. Kazi za tafsiri na za habari zinazovuka mpaka zinahitaji mtu anayeweza kuandika ukurasa safi. Kuzungumza vizuri sokoni Virunga hakutoshi.

Sanifu ilitoka wapi?

Kiswahili kilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya watu wa pwani. Kikakaa, kikapata jina la Kingwana, kikakutana na lugha za Kibantu za wenyeji, halafu na Kifaransa. Upande wa mashariki mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya kuandikia, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwa katika kamati hiyo.

Historia hii fupi inatuondolea aibu isiyo na sababu. Ba- ya batoto na ku ya mahali si uchafu. Kinyarwanda kinasema abana, na kinatumia ku na mu kuonyesha mahali. Kihunde na Kinande navyo vina ba- yao. Kiswahili cha Goma kina sarufi kamili. Ila si sarufi ile anayoitazamia msomaji wa Arusha.

Kwa nini ukaribu unachosha

Mwaka 1957 Robert Lado aliandika kwamba mwanafunzi wa lugha ya kigeni hupata urahisi pale lugha hiyo inapofanana na yake, na ugumu pale zinapotofautiana. Kwa lugha zilizo mbali wazo hilo linasaidia sana. Kwa lugha mbili za karibu linatosha nusu tu. Mwanafunzi anayejifunza Kichina anajua kila dakika kwamba yuko ugenini. Sisi tukisoma sanifu tunaelewa karibu yote, kwa hiyo hatuoni ni wapi mpaka umepita. Tunaelewa bila kuangalia umbo, na asiyeangalia umbo hawezi kuliandika.

Mwaka 1967 Pit Corder aliongeza jambo linalotufaa zaidi: makosa ya mwanafunzi yana utaratibu, na yanaonyesha kanuni anazozifuata kichwani. Mtu anayeandika "kitabu yangu iko ku meza" hakukosea ovyo. Amefuata kanuni inayofanya kazi vizuri hapa mjini. Akiijua kanuni hiyo, ataweza kuiacha kwa makusudi anapoandika "kitabu changu kiko mezani".

Njia nne za kazi

Ya kwanza ni daftari la makosa, lililopangwa kwa aina. Mwalimu anaporudisha kazi yenye alama nyekundu arobaini, mara nyingi nyuma yake kuna kanuni nne au tano tu. Zigawe. Ukurasa mmoja uwe wa upatanisho wa ngeli: watu mingi au watu wengi, bitabu yangu au vitabu vyangu. Mwingine uwe wa mahali: ku soko au sokoni, mu nyumba au nyumbani. Wa tatu uwe wa vitenzi. Kiishio -ka cha alikuwaka hakimo katika sanifu, na -ka- ya sanifu inakaa katikati ya kitenzi ikionyesha tendo linalofuata jingine: "alifika akaketi". Wa nne uwe wa maneno yanayodanganya. Hapo kama ina nafasi ya pekee. Kwetu "mama alisema kama atakuya" ni habari ya hakika. Msomaji wa pwani ataona sentensi isiyokamilika, kwa sababu kwake kama inaleta sharti au mfano. Angeandika "mama alisema kwamba atakuja". Kosa la ngeli linaonekana, lakini hili linaweza kupita bila kuonekana na kupotosha maana.

Ya pili ni kuandika upya maandishi ya mtu mwingine. Benjamin Franklin, katika kitabu cha maisha yake, anaeleza alivyojifundisha kuandika akiwa kijana: alichukua makala za gazeti la The Spectator la London, akaandika muhtasari mfupi wa kila sentensi, akaziacha siku chache, halafu akajaribu kuzijenga tena kwa maneno yake na kulinganisha na zile za kwanza. Yeye alikuwa akiandika kwa lugha yake mwenyewe, lakini zoezi hili linamfaa zaidi anayeandika kwa lugha ya karibu, kwa sababu linamlazimisha kutazama umbo. Chagua habari moja fupi kutoka ukurasa wa DW Kiswahili, RFI Kiswahili au BBC Swahili. Aya moja inatosha. Andika mambo yake kwa vifupisho, uyaache siku mbili, uijenge tena. Mahali ulipotofautiana na maandishi ya kwanza ndipo panapoingia katika daftari lako.

Ya tatu ni kuacha kupitia Kifaransa. Kwa kuwa tumezoea kufikiri insha kwa Kifaransa, sentensi zetu za Kiswahili huja zimevaa koti la wageni. Tunaandika "kufanya watoto walale", kumbe kiambishi kimoja kinatosha: kulaza watoto. Tunaandika "kukamata uamuzi", kumbe kuna kuamua. Nguvu ya Kiswahili iko katika kitenzi na viambishi vyake. Nguvu ya Kifaransa cha ofisini iko katika nomino. Unapoona nomino tatu zimeungana kwa -a unganifu, uliza: ni nani anayetenda, na anatenda nini? Mara nyingi jibu linakuwa sentensi nzuri. Kamusi ya Kifaransa na Kiswahili, kama ile ya Lenselaer, inafaa kwa kutafuta neno. Kwa kuhakikisha matumizi, rudi kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA.

Ya nne ni kusahihisha kwa awamu. Andika rasimu kwa uhuru, hata ikijaa ku na mu. Kisha isome mara nne, kila mara ukitafuta jambo moja tu kati ya yale ya daftari. Anayetafuta makosa yote kwa pamoja anachoka kwenye aya ya pili. Mwisho mpe rafiki aisome kwa sauti. Pale ulimi wake unapokwama, mara nyingi pana kasoro.

Lini usiandike sanifu

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko alama za mtihani. Ebola iliyotangazwa 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwamba imekwisha, 25 Juni 2020. Katika ugonjwa kama huo, neno moja lisiloeleweka kwenye bango linaweza kumweka mtu mbali na kituo cha matibabu. Bango la jirani zetu wa Katoyi au Beni halihitaji kumridhisha mhariri wa Dar es Salaam. Linahitaji kueleweka na mama anayelisoma akiwa amebeba mtoto, au na yule anayesomewa na mwanawe. Hapo "peleka mutoto ku lopitali" ni maandishi bora kuliko sentensi yoyote ya kamusi.

Kwa hiyo kujifunza sanifu si kuhama Goma. Ni kupata kalamu ya pili. Mwandishi mwenye kalamu moja anamwandikia kila mtu kwa namna ileile. Mwenye mbili anauliza kwanza ni nani atakayesoma. Kwa anayetaka kuanza wiki hii: andika aya moja inayomweleza jirani wa mtaani kwenu namna ya kujikinga na kipindupindu, kisha andika aya hiyohiyo kwa ajili ya gazeti la Nairobi. Zilinganishe neno kwa neno. Tofauti utakazozikuta ndizo ukurasa wa kwanza wa daftari lako.