KALIBU ZA PLASTIKI NA CHUMA CHA PUA CHENYE KABONI KIDOGO

Wananchi wenye nia ya kuanzisha viwanda vidogo vya plastiki, pamoja na watumishi wanaoshughulikia ununuzi wa vifaa, wanafahamishwa kuwa ubora wa ndoo, sahani au kifuniko cha chupa hauamuliwi na mashine peke yake. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu kwa shinikizo kubwa, ikapoa humo na kutoka na sura ya ukuta wa chuma ulioigusa. Hivyo, mkwaruzo mmoja au kishimo cha kutu katika ukuta huo huonekana katika kila kitu kitakachotoka, kiwe cha kwanza au cha laki moja.

Kaboni ndiyo inayokipa chuma cha pua uwezo wa kuwa kigumu. Tupa ya fundi huwa na kaboni ipatayo asilimia 1 au zaidi. Mtu angeweza kudhani kuwa kalibu nayo ingefaa kufanywa kwa chuma cha namna hiyo, kumbe sivyo. Chuma chenye kaboni nyingi ni kizito kuchonga, na kikishatiwa moto na kuzimwa ghafla huweza kupinda au kupasuka, na kazi ya nakshi ya siku nyingi ikapotea kwa ufa mmoja.

Kwa sababu hiyo Wamarekani wametenga kundi maalumu la vyuma vya kalibu na kulipa herufi P. Vyuma vya P2 hadi P6 vina kaboni ya asilimia 0.1 hivi tu, pamoja na kromiamu na, katika baadhi yake, nikeli au molibdeni. P6, kwa mfano, ina nikeli ya asilimia 3.5 hivi. Vikiwa havijatiwa ugumu, baadhi yake, hasa P2, ni laini mno, hata kielelezo cha chuma kigumu huweza kukandamizwa ndani yake kwa mashine bila ya moto, kikaacha sura yake. Kwa njia hiyo kielelezo kimoja huzaa vishimo vingi vinavyofanana. Baada ya hapo kalibu hutiwa katika moto wa nyuzi 900 za Sentigredi hivi pamoja na kitu chenye kaboni, nayo kaboni hupenya ngozi ya nje. Ikizimwa, ngozi huwa ngumu kama tupa na moyo ukabaki mstahamilivu. Wahunzi waliokuwa wakifukia chuma katika makaa ya kuni waliifahamu kanuni hii kabla ya kuwapo maabara.

Chuma kinachotumika zaidi, hata hivyo, ni P20, chenye kaboni ya asilimia 0.28 hadi 0.40, kromiamu ya asilimia 1.4 hadi 2 na molibdeni kidogo. Hiki huuzwa kikiwa tayari kimetiwa ugumu wa wastani, kiasi cha 30 katika kipimo cha Rockwell C au zaidi kidogo. Fundi hukichonga na kukitumia bila ya kukirudisha motoni, na hatari ya kupinda huondoka. Ipo aina inayokaribiana nayo iliyoongezwa salfa ili ichongeke upesi; hiyo haing'ariki vizuri, wala haifai kwa bidhaa zinazotakiwa kung'aa.

Visiwani pana jambo la kuzingatiwa zaidi. Kromiamu ya asilimia 2 haizuii kutu. Hewa ya bahari na maji ya visima yenye chumvi, yakipitishwa katika njia za kupozea kalibu, huila P20, na ukoko wa kutu hupunguza upozaji hata kila ndoo ikachukua muda mrefu zaidi. Plastiki ya PVC nayo ikizidishwa moto hutoa mvuke wa asidi. Kwa kazi kama hizo hutakiwa chuma chenye kromiamu ya asilimia 13 hivi, ingawa bei yake ni kubwa.

Anayeagiza kalibu anashauriwa kudai hati inayoonyesha viungo vya chuma kwa asilimia pamoja na kipimo cha ugumu, na kutoridhika na maneno "chuma kizuri" katika ankara. Kalibu isiyotumika ikaushwe njia zake za maji, ipakwe mafuta na ihifadhiwe mbali na sakafu yenye unyevu.