Raspberry Pi yako inafika 1.8GHz kweli? Angalia hivi kabla ya kulaumu muuzaji

Umenunua Raspberry Pi 4, umeambiwa inakimbia 1.8GHz. Umeiwasha, ukaangalia kasi ya prosesa, ikakuonyesha 600MHz. Usikimbilie kudhani umepigwa.

Prosesa hizi hazikimbii muda wote. Zikiwa hazina kazi hushuka hadi 600MHz ili kupunguza joto na umeme, kisha kazi ikija zinapanda. Kwa hiyo ukipima kompyuta ikiwa imekaa tu, unapima usingizi wake.

Kwanza jua bodi yako ni ya toleo gani. Andika kwenye dirisha la amri:

cat /proc/device-tree/model

Hii ina maana kubwa. Pi 4 ilipotoka Juni 2019, mwisho wake ulikuwa 1.5GHz. Novemba 2021, pamoja na mfumo wa Bullseye, watengenezaji waliruhusu 1.8GHz, lakini kwa bodi zenye saketi mpya ya umeme tu, yaani Rev 1.4 kwenda juu. Ukisoma Rev 1.1, mwisho wako rasmi ni 1.5GHz, na aliyekuuzia kwa ahadi ya 1.8 ana maswali ya kujibu.

Kama bodi inafaa, fungua faili la config.txt uone kama kuna mstari arm_boost=1. Waliosasisha mfumo wa zamani badala ya kuuweka upya mara nyingi hawana. Mifumo mipya, kuanzia Bookworm, imelihamishia faili hilo kwenye /boot/firmware. Ongeza mstari, hifadhi, zima na uwashe.

Sasa ipe kazi. Sakinisha programu ndogo iitwayo stress, kisha andika:

stress -c 4 -t 300

Hapo kori zote nne zinachapa kazi kwa dakika tano. Fungua dirisha la pili:

watch -n 1 vcgencmd measure_clock arm

Jibu linakuja kwa hezi, kwa hiyo utaona namba ndefu. Ikiwa karibu na 1800000000, mambo safi.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Mtandaoni utaambiwa usome faili la scaling_cur_freq. Hilo linaonyesha kasi ambayo Linux *imeomba*. Anayeamua mwisho ni programu iliyo ndani ya chipu yenyewe, na ikiona joto au umeme hautoshi, inapunguza kasi kimyakimya. Faili linaweza kuendelea kusema 1.8 wakati prosesa imeshashuka zamani. Iamini vcgencmd.

Namba ikipanda halafu ikashuka, uliza sababu:

vcgencmd get_throttled

Ukipata 0x0, hakuna tatizo lolote tangu iwashwe. Ukipata 0x50005, umeme hautoshi na kasi imepunguzwa sasa hivi. 0x50000 inamaanisha yalitokea lakini yamepita. Alama hizo zinabaki hadi uzime na kuwasha tena.

Na mara nyingi mchawi ni chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na watu wengi wanaichomeka kwenye chaja ya simu iliyokuwa kabatini, kwa waya mwembamba mrefu. Umeme ukishuka chini ya takriban volti 4.63, tahadhari inatoka. Jaribu kubadilisha waya kwanza, ni rahisi kuliko chaja.

Joto nalo lina zamu yake. Andika vcgencmd measure_temp wakati stress inaendelea. Kuanzia nyuzi 80 prosesa inaanza kupunguza mwendo, ikikaribia 85 inabanwa zaidi. Ni kama simu yako inavyokwama ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani. Kava la plastiki lisilo na matundu, chumba chenye bati bila dari, hapo bila feni ndogo au chuma cha kupoza huambulii kitu.

Kwa mtu anayechezea tu nyumbani, kasi ikipungua ni usumbufu mdogo. Ila kuna shule zisizo na intaneti ambazo Pi moja ndiyo inabeba masomo ya Kolibri kwa darasa zima kupitia Wi-Fi. Hapo umeme hafifu hauishii kwenye kasi: unaweza kuzima kompyuta ghafla ikiwa katikati ya kuandika, na kadi ya memori ikaharibika na masomo yote. Ukiisimamia ya namna hiyo, pima get_throttled wakati wanafunzi wote wameunganishwa. Asubuhi kabla hawajaingia, ikiwa imetoka kuwashwa, inaweza kukuambia 0x0.