Je, Wajua? Saratani Inayopita Katika Ukoo

Je, wajua kwamba DNA ya Waluhya wa Webuye, mji wa Bungoma ulio jirani na kaunti ya Kakamega, ni miongoni mwa DNA zinazosomwa sana duniani? Wakazi wa eneo hilo walikubali kutoa damu kwa ajili ya utafiti, na seli zao bado zinahifadhiwa katika Taasisi ya Coriell, mjini Camden, New Jersey, Marekani. Wanasayansi huwatambua kwa herufi 3 tu: LWK. Mradi wa Jenomu 1000 ulipotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015, ulikuwa umesoma DNA ya watu 2,504 kutoka makundi 26 ya wanadamu. Kati yao, 99 walikuwa Waluhya wa Webuye. Mtafiti yeyote, awe Nairobi au Tokyo, anaweza kufungua takwimu hizo na kuzisoma bila malipo.

Je, wajua hilo linamfaa nini mgonjwa wa saratani pale Lurambi au Shinyalu? Maabara ikikuta herufi moja ya DNA imebadilika katika jeni ya mgonjwa, swali la kwanza ni kama badiliko hilo lipo pia kwa watu wazima wengi wasiougua. Likiwa la kawaida katika jamii yake, yaelekea halina madhara. Shida ni kwamba kwa miaka mingi orodha za kulinganishia zilijaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika alipimwa kwa kipimo cha wengine, na mara nyingi akarudishiwa jibu kwamba badiliko lake halieleweki. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya watu weusi nchini humo waliambiwa wana jeni ya ugonjwa wa moyo, kumbe badiliko lenyewe ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na halina hatari. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulisoma DNA ya Waafrika 426 na kukuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Kwa hiyo wale 99 wa Webuye wamewasaidia watu ambao hawatawahi kuonana nao, na nadhani wanastahili kutajwa shuleni. Lakini watu 99 hawawezi kubeba jamii ya mamilioni yenye makabila madogo zaidi ya 15, sembuse Wateso, Waluo na Wakalenjin wanaopakana nasi.

Je, wajua kwamba kila saratani huanzia kwenye jeni, lakini nyingi hazirithiwi? Kati ya saratani 100, ni 5 hadi 10 hivi zinazotokana na kasoro kubwa ambayo mgonjwa alizaliwa nayo. Zilizobaki hutokana na kasoro zinazozuka ndani ya seli zake maishani: moshi wa sigara, jua, virusi, umri, au seli kukosea tu inapojigawa. Kasoro za namna hiyo haziendi kwa watoto.

Mfano tunao hapa magharibi. Saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto, ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu maili zipatazo 10,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewahi kuuona ugonjwa huo. Ramani waliyorudi nayo ilifanana na ya malaria. Leo inajulikana kwamba kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujibandika pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC huamshwa isilale tena. Malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda, ndivyo vinavyoandaa njia. Mama na baba hawakumpa mtoto kasoro hiyo. Mzazi anayejilaumu kwa ajili ya taya la mwanawe anabeba mzigo usio wake.

Je, wajua kwamba una nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama? Baadhi ya jeni kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Ni kama lori la miwa linaloshuka mteremko kuelekea Mumias likiwa na breki mbili: moja ikikatika, ya pili bado hulishika. Aliyerithi kasoro huzaliwa breki moja ikiwa imeshakatika, katika kila seli ya mwili wake. Si mgonjwa bado, na huenda asiugue kamwe, lakini amebakiwa na kinga moja tu. Aliyelieleza hili kwa hesabu ni Alfred Knudson, daktari wa Texas, mwaka 1971, baada ya kuchambua rekodi za wagonjwa 48 wa retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto. Jeni yenyewe, RB1, iko kwenye kromosomu ya 13 na ilinaswa mwaka 1986.

Na hii retinoblastoma ndiyo ningependa kila mzazi wa Kakamega aijue. Huwapata watoto, karibu wote kabla hawajafikisha miaka 5. Kwa kila wagonjwa 10, wapatao 4 wana kasoro ya RB1 iliyo katika mwili mzima, ambayo wanaweza kuwapa watoto wao siku moja. Uvimbe ukiwa katika macho yote mawili, kasoro ni ya aina hiyo. Ajabu ni kwamba wengi wa watoto hawa hawana mzazi aliyewahi kuugua: kasoro ilianza upya kwao, kabla hawajazaliwa. Kuanzia hapo, kila mtoto watakayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi.

Dalili yake huonekana bila mashine. Mboni ya jicho, inayopaswa kuwa nyeusi, hung'aa nyeupe mwangaza unapoipiga, na mara nyingi wazazi huiona kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi. Dalili nyingine ni kengeza. Je, wajua kwamba kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile unachopewa kliniki na kukitunza kwa ajili ya chanjo, kina sehemu ya kukagua macho ya mtoto, na swali mojawapo ni kama mboni ni nyeupe? Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa taifa wa kutibu retinoblastoma mwaka 2014. Ukiiona mboni nyeupe, usingoje chanjo ijayo wala usiweke dawa ya matone ya dukani. Nenda hospitali ya kaunti, au hospitali ya macho ya Sabatia katika kaunti jirani ya Vihiga. Uvimbe ukiwahiwa ungali ndani ya jicho, mara nyingi mtoto huishi. Ukishatoka nje ya jicho, matibabu huwa magumu mno.

Kipimo cha jeni kina faida ambayo haisemwi vya kutosha. Kasoro ya mgonjwa ikishajulikana, ndugu zake wadogo hupimwa kwa kuitafuta hiyo hiyo. Asiyekuwa nayo huachiliwa, asilazwe usingizi wa dawa tena na tena ili macho yake yachunguzwe. Jibu la maabara linaweza kumtoa mtoto hospitali.

Je, wajua kwamba baba anaweza kumrithisha binti hatari ya saratani ya matiti? Jeni za BRCA1 na BRCA2 wanazo wanaume na wanawake, na kazi yake ni kukarabati DNA iliyokatika. Mahali ilipo BRCA1, kwenye kromosomu ya 17, palitambuliwa na Mary-Claire King wa Berkeley mwaka 1990. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na BRCA2 mwaka 1995. Mwanamke mwenye kasoro katika mojawapo ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani ya matiti kabla ya miaka 80. Kwa saratani ya ovari ni takriban asilimia 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Namba hizi zimetoka zaidi kwa familia zenye asili ya Ulaya, kwa hiyo zichukuliwe kama mwongozo. Mwanamume mwenye kasoro ya BRCA2 naye ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, na hata ya titi lake mwenyewe.

Kwetu, mtu akiulizwa na daktari kama kuna saratani ya matiti katika familia, hutaja upande wa mama na kunyamaza. Senje, dada ya baba, haingii kwenye hesabu, wala mama mzaa baba. Hilo ni kosa ambalo lingerekebishwa kwa swali moja zaidi.

Je, wajua kwamba saratani ya matiti ya kurithi si ugonjwa wa Wazungu? Timu ya Olufunmilayo Olopade, daktari Mnigeria wa Chuo Kikuu cha Chicago, ilichunguza wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti huko Ibadan, Nigeria. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, karibu mmoja kati ya 8 alikuwa na kasoro ya kurithi katika BRCA1, BRCA2, PALB2 au TP53. Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti mwaka 2020. Wanawake wa kwetu wanastahili uchunguzi mkubwa kama ule wa Ibadan.

Je, wajua kwamba desturi ya Waluhya ya kutooa katika ukoo wa baba wala wa mama hupunguza magonjwa yanayohitaji nakala mbili mbovu? Ualbino ni mojawapo. Aina iliyo ya kawaida zaidi Afrika hutokana na jeni ya OCA2. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja mbovu, kila mtoto ana nafasi moja kati ya 4 ya kuzaliwa nao. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Ngozi yenye melanini kidogo mno, hapa ambapo Ikweta inapita karibu na Maseno, huungua kila siku, na saratani ya ngozi huwapata wengi wangali vijana. Jeni imerithiwa, lakini saratani yenyewe huzuilika kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Mtoto aketishwe kivulini hata wakati wa michezo ya shule.

Je, wajua kwamba tembo ana nakala zipatazo 40 za jeni ya TP53, mojawapo ya zile breki za seli, sisi tuna 2 tu? Ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mnyama mkubwa hivyo kufa kwa saratani mara chache. Binadamu anayezaliwa na nakala moja mbovu ya TP53 anaweza kupata saratani tofauti tofauti tangu utotoni.

Je, wajua kwamba saratani kurudiarudia nyumbani si ushahidi tosha wa jeni? Saratani ya koo la chakula ni nyingi magharibi mwa Kenya, na huonekana kwa ndugu wa nyumba moja, lakini ndugu hushiriki pia moshi wa jiko, pombe, na chai ya moto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Chai ipoe kidogo.

Je, wajua kwamba mshona nguo mmoja wa Michigan aliona kabla ya madaktari kwamba saratani inapita katika ukoo wake? Mwaka 1895 alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani ya tumbo au ya mji wa mimba, kwa sababu ndivyo jamaa zake walivyokufa. Hakupuuzwa. Warthin aliufuatilia ukoo wake na kuuandika mwaka 1913. Mwanamke huyo alikufa mapema, kwa saratani ya mji wa mimba. Ugonjwa wa ukoo huo leo huitwa sindromu ya Lynch, na jeni iliyohusika kwao, MSH2, ilitambuliwa takriban karne moja baada ya mazungumzo yale. Sindromu hiyo huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na mji wa mimba, na aliye nayo huchunguzwa utumbo kwa kamera mara kwa mara ili vijinyama vitolewe kabla ya kugeuka.

Hapa kwetu habari kama ya mshona nguo yule huzikwa pamoja na marehemu. Wasifu unaosomwa matangani hueleza shule aliyosoma, kanisa alilotumikia na wajukuu alioacha, kisha hufunga kwa kusema aliugua kwa muda mrefu. Aliugua nini, na akiwa na umri gani? Pengo hilo hujazwa na maneno ya laana na uchawi, na dada wawili waliougua kabla ya miaka 50 hunong'onwa badala ya kupelekwa kwa daktari. Naheshimu huzuni ya wafiwa. Lakini jina la ugonjwa halimwaibishi marehemu, na linaweza kumwokoa mpwa wake.

Madaktari huuliza hasa mambo haya: saratani kabla ya miaka 50, aina moja kwa jamaa wawili au zaidi wa upande mmoja, matiti yote mawili au macho yote mawili, saratani ya ovari kwa umri wowote, na titi la mwanamume. Kwa saratani kadhaa, uchunguzi huanza miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa mdogo kuliko wote aliugua. Aliugua akiwa na 42? Wewe anza ukiwa na 32. Bila umri huo, hesabu haiwezekani.

Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, keti na senje, kisha uende kwa khotsa, kaka ya mama. Andika jina la kila aliyeugua, sehemu ya mwili na umri wake, pande zote mbili, na karatasi hiyo uipeleke hospitali.