Usimulizi kama Utengenezaji Upya wa Filamu ya Mapigano: Mfano wa Who Killed Captain Alex?

Makala haya yanafafanua namna usimulizi wa sauti unavyoiunda upya filamu ya mapigano. Hoja kuu ni kwamba msimulizi si mkalimani tu, bali ni mtunzi wa pili. Mtafiti anayemwacha nje ya data yake hupoteza sehemu ya kazi anayoichunguza.

Mfano mwafaka ni Who Killed Captain Alex?, filamu iliyotengenezwa na Isaac Nabwana mwaka 2010 huko Wakaliga, Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Milipuko na helikopta viliongezwa kwa kompyuta. Kapteni Alex anatumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia. Anauawa, na muuaji hajulikani hadi mwisho.

Kwa uhaba wa nafasi ya kuhifadhi, Nabwana alifuta mafaili ya awali ili atengeneze filamu nyingine. Toleo lililosalia ni lile lenye sauti ya msimulizi VJ Emmie, lililosambaa kupitia YouTube mwaka 2015. Emmie huwatania wahusika, hutangaza mapigano yajayo na kushangilia mauaji. Utata unaanzia hapo: mzaha huo waweza kupunguza uzito wa kifo, lakini pia humkumbusha mtazamaji kwamba anachokitazama ni igizo.

Nchini Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Tofauti na Emmie, aliyeshirikiana na mtengenezaji, anayesimulia filamu ya kigeni bila idhini hukabiliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayompa mtunzi mamlaka juu ya tafsiri ya kazi yake. Hata hivyo, tumchukulie mtazamaji wa Mwamgongo, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, anayejua Kiha na Kiswahili pekee. Filamu ya Kiingereza isiyosimuliwa humpa risasi na damu; chanzo cha ugomvi na haki ya kisasi huvipata kwa msimulizi. Kwake, maana ya ukatili huo hutegemea tafsiri ambayo sheria huenda isiitambue.

Kwa hiyo, kutaja jina la filamu na mwongozaji hakutoshi. Tasnifu inapaswa kubainisha pia toleo, msimulizi na lugha ya usimulizi. Kwa Captain Alex, hakuna filamu kamili isiyo na msimulizi ya kurejelea.