Mvumo Katika Spika za Kompyuta, na Hatari ya Kukata Pini ya Plagi

Katika nyumba nyingi za askari na polisi, kuanzia kambi ya Rubongi huko Tororo hadi vyumba vya kupanga vilivyo karibu na mpaka wa Busia, kompyuta imeshika mahali pa redio ya zamani. Jioni, baba au mama arudipo kazini, jamaa hukusanyika mbele yake kusikiliza taarifa ya habari, mahubiri, muziki, au sauti ya ndugu aliye kazini mbali, iliyotumwa kwa simu na kuhifadhiwa humo. Lakini spika zinapowashwa, kabla neno moja halijasemwa, husikika mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya mzinga, au mlio mwembamba unaopanda na kushuka kila kipanya kinaposogezwa. Sauti ya mtu mzima husikika kwa shida. Ya mtoto anayezungumza polepole haisikiki kabisa.

Wengi huamua kwamba spika ni mbovu. Kwa kuwa mpaka uko karibu, mkazi wa Busia ya Uganda huvuka kwenda kununua nyingine upande wa Kenya, na yule wa Kenya huvuka kuja Uganda kwa matumaini yaleyale. Spika mpya huvuma vilevile. Jambo hilo si la ajabu, kwani nchi zote mbili hutumia umeme wa volti 240, wa mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi ileile ya pini tatu bapa iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Tena umeme wenyewe ni wa ujamaa wa siku nyingi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipeleka umeme Kenya kwa nyaya zipitazo Tororo kuelekea Lessos. Anayeukimbia mvumo kwa kuvuka mpaka ataukuta umemtangulia.

Kwa hakika, kinachosikika katika spika ni umeme wenyewe. Mizunguko yake 50 kwa sekunde, ikiingia mahali pa sauti, hutoa mvumo mzito. Mara nyingi pia husikika ule wa mizunguko 100, ambao ni mkali zaidi kidogo. Muziki utokao kwenye kompyuta ni umeme hafifu sana, usiozidi volti moja hivi. Kazi ya amplifaya iliyo ndani ya spika ni kuukuza umeme huo, nayo haichagui: ikipewa sehemu chache tu za elfu za volti zisizotakiwa, huzikuza pamoja na wimbo.

Umeme huo usiotakiwa huingia kwa njia zaidi ya moja, na iliyo ya kawaida kuliko zote ni mzunguko wa waya wa ardhi. Waya wa ardhi ni ule wa tatu katika plagi, unaokwenda hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya nyumba. Kompyuta ikichomekwa katika soketi ya ukuta mmoja, na amplifaya kubwa katika soketi ya ukuta mwingine, kila moja huwa na njia yake ya kushuka ardhini. Kisha waya wa sauti unaoziunganisha hufunga njia hizo mbili zikawa duara. Umeme mdogo huzunguka katika duara hilo, hupita katika waya wa sauti, na amplifaya huudhania kuwa ni muziki. Waya wa dishi la televisheni nao huweza kufunga duara kama hilo, ikiwa kompyuta imeunganishwa na televisheni.

Lakini ipo pia hali iliyo kinyume, nayo ni nyumba isiyo na waya wa ardhi hata mmoja unaofanya kazi. Hapo mvumo hubadilika au hunyamaza mtu anapogusa chuma cha kompyuta, na mkono wake huhisi mwasho kama wa siafu. Wako wanaocheka na kuuita mchezo. Hasha, si mchezo. Ni dalili kwamba mwili wa mtu huyo umefanya kazi ya waya uliokosekana. Yafaa ikumbukwe pia kwamba fimbo ya shaba ikizikwa katika udongo unaokauka kabisa, kama ukaukavyo miezi ya Desemba hadi Februari, haipeleki umeme ardhini vizuri kama wakati wa mvua.

Hapa ndipo penye jambo la kuogofya. Mafundi wengi wa mitaani wanajua kwamba ukiukata waya wa ardhi katika plagi mojawapo, duara hukatika na mvumo hunyamaza. Mwenye nyumba hufurahi, hulipa, na fundi huenda zake. Wengine hawamhitaji hata fundi. Soketi za pini tatu zina vizibo ambavyo hufunguliwa na ile pini ndefu ya juu, ambayo ndiyo ya waya wa ardhi. Mtu mwenye plagi ya pini mbili, iliyokuja na kompyuta kuukuu ya kutoka Ulaya, huchukua kalamu, hubonyeza kizibo cha juu, kisha husukuma plagi yake ndani. Watoto wakiona, huiga, na si kila mtoto atachagua kalamu ya plastiki. Mwingine atachukua msumari.

Kazi ya waya wa ardhi si kupamba plagi. Waya wenye moto ukilegea ndani ya kompyuta ya mezani na kugusa kasha lake la chuma, umeme hukimbilia ardhini kwa waya huo kwa nguvu nyingi, fyuzi ikakatika, na nyumba ikapona. Waya huo ukiwa umekatwa, fyuzi haina habari. Kasha hubaki na volti 240, likimngojea atakayeligusa. Mama anayepiga deki, akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, atakuwa yeye ndiye waya wa ardhi. Mvumo haujamuua mtu. Dawa hiyo yaweza kuua.

Basi chanzo kitafutwe kwa njia nyingine, nayo haihitaji chombo chochote ila subira na masikio. Kwanza kitufe cha sauti cha spika kizungushwe. Mvumo usipopanda wala kushuka pamoja nacho, kasoro imo ndani ya amplifaya au chaja yake. Mara nyingi ni zile kapasita, vikopo vidogo vya duara, ambazo kwa uzee hufura vichwa. Hiyo ni kazi ya fundi hodari, maana kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kung'olewa. Mvumo ukifuata kitufe, jeki ya sauti ichomolewe kwenye kompyuta. Mvumo ukinyamaza, chaja ya kompyuta ichomolewe na jeki irudishwe, ili kompyuta ya mkononi ifanye kazi kwa betri yake yenyewe. Nyumba ikitulia hapo, imejulikana kwamba ugonjwa umo katika chaja au katika mzunguko wa waya wa ardhi.

Dawa ya mzunguko huo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kompyuta, spika na televisheni zichomekwe zote katika ekstensheni moja yenye pini tatu, ili zishuke ardhini kwa njia moja. Isipotosha, kipo kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndani yake, moja kwa spika ya kushoto na moja kwa ya kulia. Huwekwa katikati ya waya wa sauti. Sauti hupita kwa nguvu ya sumaku bila shaba kugusana na shaba, na duara hukatika pasipo kuondoa kinga ya mtu. Wauzaji wa vifaa vya redio za magari hukifahamu.

Ule mlio mwembamba unaofuata kipanya una asili nyingine. Hutokea mara nyingi katika spika ndogo zinazopata umeme wake kutoka katika kompyuta yenyewe, kwa waya wa USB. Zikipewa umeme kutoka katika pawabenki, mlio huo kwa kawaida huisha. Nyumba zinazotumia sola zikumbuke kwamba inveta ya bei nafuu haitoi wimbi laini la umeme, bali hutoa wimbi la ngazi ngazi, ambalo huvuma katika karibu kila spika.

Wakazi wa Busia wana kero yao ya pekee. Simu ya mkononi inayotumia mtandao wa kizazi cha pili, hasa ile ndogo iitwayo katochi, hurusha mawimbi yake kwa vipande 217 kila sekunde. Ikiwekwa kando ya spika, waya wa sauti huyadaka, na hapo husikika ule mlio wa ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrr. Mpakani, simu hujikuta kati ya minara ya nchi mbili. Mara hushika ya Uganda, mara ya Kenya, na kila ihamapo hujitambulisha kwa mnara mpya, na spika hutangaza safari hiyo. Simu iwekwe umbali wa mita mbili, au mwenyewe auchague mtandao mmoja badala ya kuiacha simu ijichagulie.

Tororo nayo ina radi. Kitabu cha Guinness kiliandika kwamba kati ya mwaka 1967 na 1976 mji huo ulikuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kila mwaka. Mlipuko mkavu unaosikika katika spika wingu likiwa bado mbali ni radi, si ubovu. Huo ni wakati wa kuchomoa plagi na waya wa dishi, wala si wa kutafuta mvumo.

Ikiwa soketi zenyewe hazina waya wa ardhi, aitwe fundi wa umeme mwenye leseni, na fimbo ya ardhini ipimwe kwa kipimo chake. Kasoro ikiwa katika nyaya za nje au mita, upande wa Uganda ipelekwe kwa UEDCL, iliyochukua kazi ya kugawa umeme kutoka Umeme mwaka 2025, na upande wa Kenya ipelekwe kwa Kenya Power.

Baada ya hayo yote, sauti ya kompyuta ipandishwe karibu na juu kabisa, na ya spika ishushwe. Utabaki mvumo hafifu unaosikika tu sikio likiwekwa juu ya kitambaa cha spika. Huo kila amplifaya inao, hata ya bei kubwa.