Kishikwambi cha bei nafuu: Tazama haya kabla ya kutoa pesa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliikumbuka nikiwa nimeshachelewa. Mwaka jana niliuziwa kishikwambi, au tableti kama wengi tunavyoiita, mlangoni mwangu hapa Umoja, Nairobi, kwa shilingi 6,500. Kasha lilitaja RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 256.

Sababu ya kukinunua nilikuwa nayo. Dada yangu anauza mahamri na viazi karai kando ya barabara, na wateja wake wengi hulipa kwa M-Pesa. Jioni mwanawe wa Gredi ya 7 huitaka simu hiyo hiyo kwa kazi ya shule. "Mama, nimalizie ukurasa mmoja tu." "Lete simu, mteja anangoja." Basi nikaona nimepata dawa. Wiki tatu baadaye kifaa kilikuwa kikiganda, na mafaili ya mtoto hayafunguki. Zile GB 256 zilikuwa maandishi matupu.

Ndugu msomaji, usidanganywe na kasha. RAM ni kama meza ya kufanyia kazi, na hifadhi ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kabati kubwa halitakusaidia. Ukiwa dukani, fungua kamera, video na kitabu kwa pamoja, kisha rukaruka kutoka kimoja hadi kingine. Kikikwama mbele ya muuzaji, nyumbani kitakwama zaidi. Dai risiti na waranti ya maandishi.

Baadaye tulichanga tukanunua Samsung Galaxy Tab A7 Lite, iliyotoka 2021. Kioo chake ni inchi 8.7, uzito karibu gramu 370, betri 5,100 mAh. Chetu kina RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 32. Hizo GB 32 si zako zote, kwani Android yenyewe huchukua sehemu kubwa. Kwa hivyo tuliongeza kadi ya microSD ya kuwekea vitabu na video. Mwenye uwezo zaidi atazame Galaxy Tab A9 ya 2023: kioo ni cha ukubwa ule ule, lakini ina RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na prosesa yenye kasi zaidi.

Je, inchi 8.7 zinatosha? Ukurasa wa Msahafu wa Madina, wenye mistari 15, unauona wote bila kuuvuta. Kitabu cha shule chenye kurasa pana kinataka ukilaze kifaa. Kamera inafaa kunakili maandishi ya ubaoni mchana. Picha za usiku usizitarajie. Stima ikipotea, mtoto anaendelea kusoma kwa chaji iliyobaki, mradi kitabu kilishapakuliwa mapema kwa Wi-Fi.

Uliza pia kama kina nafasi ya laini. Vingine ni vya Wi-Fi pekee: ukitoka kwenye Wi-Fi ya ploti, huna intaneti hadi simu ya mtu ikugawie bando. Sisi tulichagua cha laini, lakini laini ya M-Pesa ikabaki kwenye simu ya mama. Pesa na mchezo wa watoto havikai kifaa kimoja.

Ukinunua cha mtumba, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake ya Google mbele yako. Asipoiondoa, siku utakayokifuta upya kitakudai nenosiri lake, na wewe hulijui. Na kwa mtoto, weka Family Link, programu ya Google isiyolipiwa. Mzazi hupanga saa za kutumia kifaa na kuamua programu zipi ziingizwe. Kwetu kinajifunga saa tatu usiku.

Hakijawa cha ajabu. Kinachelewa kuwaka, na mwanafunzi hulalamika michezo mizito haikubali. Mimi hilo naliona faida. Juzi jioni nilipita pale kwa dada. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, anapokea malipo, na mwanawe ameketi nyuma ya karai anasoma sayansi. "Mjomba," akaniuliza, "kile cha kwanza ulikipeleka wapi?" Nikamwambia kipo kabatini, ndiyo ada yangu ya masomo.