Ujazo wa Mashine Hupimwa kwa Vyombo vya Nani?

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chungu hapa ni yule mdudu, si chombo cha kupikia. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wakubwa wasidharau mali ya wadogo. Mimi leo naomba kuitumia kwa jambo la jikoni, nayo inatufaa vilevile: anayekuambia kwamba chombo fulani ni kikubwa hana budi kukuambia pia ni kikubwa kwa nani.

Lililonisukuma kuandika haya ni ombi la dada yangu. Yeye ni mwalimu mstaafu, naye anaendesha mkahawa mdogo mjini Voi, si mbali na barabara kuu iendayo Mombasa. Wateja wake ni madereva wa malori, walimu, wanafunzi na wasafiri wa gari moshi. Nilipokwenda kumjulia hali wakati wa likizo, alinitandazia mezani karatasi nne za matangazo ya mashine za kuoshea vyombo.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe umesoma mpaka madarasa yakakuishia. Nisomee hizi, kisha uniambie nichukue ipi. Pesa zenyewe ni za kiinua mgongo. Sina nyingine za kufanyia makosa."

Nikamjibu kwamba udaktari wangu ni wa lugha, si wa mashine. Naye akanijibu kwamba karatasi zile zimeandikwa kwa lugha. Nikavaa miwani.

Karatasi hizo zilinadi majina manne yanayopatikana katika maduka ya Mombasa na Nairobi: Bosch ya Ujerumani, Beko ya Uturuki, Hisense ya Uchina, na Mika, jina lililozoeleka na wanunuzi wa Kenya. Kila moja ilijisifu kwa mambo matatu: ujazo, umbo na uimara. Nasi tukayachukua moja baada ya jingine.

Tuanze na ujazo. Mashine zenye upana wa sentimita 60 kwa kawaida hutangazwa kuwa zinameza seti 12 hadi 14. Zile nyembamba za sentimita 45, seti 9 au 10. Dada alidhani kwamba seti 14 ni vyombo vya watu 14 wa Voi. Hapo ndipo mwanaisimu alipopata kazi, kwani neno hilo lina maana maalumu katika vipimo vya viwanda vya Ulaya. Seti moja ya asili ina vitu 11: sahani bapa, sahani ya supu, sahani ndogo ya kitindamlo, kikombe, kisahani chake, bilauri, kisu, uma, na vijiko vitatu vya aina tatu. Seti 14, basi, ni vitu 154, na karibu nusu yake ni visu, nyuma na vijiko vinavyokaa katika nafasi ndogo mno. Sufuria pana ya ugali haimo katika hesabu hiyo. Mwiko wa kusongea haumo. Ujazo uliotangazwa si uongo, ila ni ujazo wa meza ya mtu mwingine.

Msomaji asidhani kwamba nawalaumu waundaji. Mashine yenyewe ilizaliwa kwa namna hiyohiyo. Bibi mmoja wa jimbo la Illinois, Marekani, jina lake Josephine Cochrane, alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimpasulia sahani zake za kaure. Alichofanya kwanza ni kupima sahani na vikombe vyake mwenyewe, kisha akasuka nyumba za waya zilizotoshana na kila kimoja, akaziweka ndani ya pipa la shaba ambamo maji ya moto yenye sabuni yalirushwa kwa nguvu. Alipewa hataza mwaka 1886, na mwaka 1893 mashine zake zikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Waliozikimbilia hasa ni wenye hoteli. Bibi Cochrane hakukosea hata kidogo. Alipima vyombo vyake. Kosa ni letu sisi tunaonunua bila ya kupima vyetu.

Basi tukachukua utepe wa fundi cherehani tukaingia jikoni. Wakati wa chakula cha mchana mkahawa ule huhudumia watu wapatao 90. Kila mmoja huacha sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja. Rafu ya chini ya mashine ya seti 14 ina nafasi ya sahani kubwa 28 hivi, yaani zile bapa na zile za supu. Kwa sahani 90, mashine ingepakiwa mara nne. Sufuria ya ugali ilikuwa na kipenyo cha sentimita 48: ikiingia yenyewe, sahani zibaki nje. Isitoshe, sufuria zetu nyingi ni za alumini, na sabuni kali ya mashine hizi huifanya alumini kuwa nyeusi na kufifia. Nayo miko ya mbao hupasuka kwa joto. Kwa hiyo vyombo vizito zaidi, vile vilivyoshika ukoko wa ugali na kimanga, vingebaki mikononi mwa binadamu.

Ujazo hauna maana bila ya muda. Mpango wa kuosha kwa kubana maji na umeme huchukua saa tatu au zaidi. Mara nne ni saa 12, na wateja wa jioni wako mlangoni. Upo mpango wa haraka wa nusu saa hivi, lakini huo ni wa vyombo vyenye uchafu mwepesi. Mashine za hoteli, kama zile za Hobart na Winterhalter, ni ukoo mwingine kabisa: chano cha sentimita 50 kwa 50 chenye sahani 18 hivi huoshwa kwa dakika chache tu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya zile za nyumbani, na nyingi huhitaji umeme mkubwa ambao jengo la kawaida halina.

Tuje kwenye umbo. Watu hutazama rangi na vitufe. Mimi nilimwomba dada atazame juu, kwenye tangi lake la maji. Mashine nyingi huhitaji msukumo wa maji usiopungua nusu baa. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba maji yaliyoinuliwa mita 10 hutoa msukumo wa takribani baa moja. Nusu baa, basi, yataka mita 5. Tangi la dada limekaa kwenye kichuguu cha mawe kisichozidi mita 2. Mashine nzuri kuliko zote ingesimama pale ikisubiri maji mfano wa mkulima anayesubiri mvua ya vuli.

Na hayo maji yenyewe? Mkazi wa Taita Taveta hahitaji kuelezwa. Tangu miaka ya 1950 bomba kubwa huyatoa maji ya chemchemi za Mzima kuyapeleka Mombasa, ilhali vijiji vingi vya nyanda za chini vinahangaika na mitungi. Visima vingi vya nyanda hizo hutoa maji ya chumvichumvi, na hapa lugha yetu ina mtego. Tunaposema "maji ya chumvi" huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna ugumu wa maji, unaotokana na madini ya kalisi na magnesi, ambao huacha ukoga mweupe katika birika na kuizuia sabuni isitoe povu. Na kuna uchumvi wenyewe, wa chumvi tuijuayo mezani. Mashine nyingi za Ulaya zina kifaa cha kulainisha maji magumu, nacho hutiwa chumvi ili kifanye kazi. Dada alishangaa: "Maji yetu tayari yana chumvi, tena niyatie nyingine?" Naam, kwa sababu kifaa hicho huondoa ugumu peke yake. Uchumvi hakiuondoi.

Tofauti hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye uimara. Usione vyaelea, vimeundwa; na anayetaka kujua vilivyoundwa sharti afungue mlango achungulie ndani. Baadhi ya mashine, zikiwemo aina kadhaa za Bosch zenye bei nafuu, zina kuta za chuma kisichoshika kutu na sakafu ya plastiki. Nyingine ni chuma kitupu. Plastiki si aibu, kwani haipati kutu, ingawa chuma huhifadhi joto na kusaidia vyombo kukauka. Lakini jina "kisichoshika kutu" lisikudanganye: maji yenye chumvi nyingi hukitoboa vijitundu taratibu. Kagua pia waya za rafu, maana ganda lake likichubuka kutu huanzia hapo. Vuta rafu hadi mwisho uone kama inayumba. Chomoa kichujio na mikono inayorusha maji uone kama vinasafishika kwa urahisi. Kisha uliza swali ambalo halimo katika tangazo lolote: fundi na vipuri viko mji gani? Dhamana ya miaka miwili ni nzuri, lakini dhamana ambayo fundi wake yuko Nairobi huanza kwa nauli.

Haki itendeke. Kwa upande wa maji, mashine ilishinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn waliwahi kuwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya seti 12 waoshe kwa mikono, na wastani ukawa lita 100 hivi. Mashine ya kisasa hutumia takribani lita 10 kwa mpakio mmoja. Wafanyakazi wawili wa dada, wanaoosha kwa mabeseni, hutumia mitungi mitano ya lita 20 kwa mlo wa mchana; mipakio minne ingetumia lita 40. Tofauti ya lita 60 kwa siku mjini Voi si jambo la kupuuzwa. Lakini dada aliuliza pia wafanyakazi wale wawili, ambao mmoja anasomesha mtoto sekondari, wangekwenda wapi. Swali hilo halikuwa na safu yake katika karatasi zile.

Uamuzi wake ulikuwa huu: hakununua mashine. Pesa alizigawa, sehemu akajenga mnara wa tangi wa mita 6 na kuchimbia mifereji ya kuvunia maji ya mvua, sehemu akaweka sinki refu la chuma ili wafanyakazi wake waoshe wakiwa wamesimama, si kuinamia mabeseni. Siku atakapotaka mashine, mnara utakuwa tayari. Nyumba ya walimu wawili na watoto watatu, yenye maji laini na umeme usiokatikakatika, huenda ingeamua vingine, na ingekuwa na haki.

Walimu wenzangu, hili ni somo la kipindi kimoja. Wape wanafunzi utepe wapime sufuria kubwa ya nyumbani kwao, kisha waandike kwa Kiswahili fasili ya "seti moja" ya Taita Taveta: ina vitu vingapi, vya umbo gani, vya udongo au alumini au mbao. Hapo watajifunza hisabati, fizikia na lugha kwa pamoja. Tena watakapokuwa wanunuzi, hawatasoma idadi katika tangazo bila ya kuuliza ilihesabiwa kwenye meza ya nani.

Nilipokuwa naondoka, dada alinirudishia utepe. Nikamwambia abaki nao. Bado hajapima mlango wa jikoni.